Si kila tatizo lina suluhisho: jibu la mzazi wa mtoto mwenye selimundu

Mleta mada ameuliza kama kila tatizo katika maisha lina suluhisho, na mwenyewe akajibu kuwa ndiyo, anayesema halipo hajatafuta vya kutosha. Wachangiaji wengi wamemuunga mkono. Mmoja ameongeza kwamba kukubali tatizo halina suluhisho ni kukata tamaa tu. Napinga yote mawili, na sipingi kwa kutaka ubishi. Nina binti mwenye selimundu. Sasa yuko kidato cha tatu, na tangu hajaanza kutembea mimi na mama yake tumekuwa tukiishi na swali hili ndani ya nyumba.

Niweke msimamo wangu mapema ili asiye na muda wa kusoma aishie hapa. Yapo matatizo yasiyo na suluhisho. Yapo mengine ambayo suluhisho lake liko duniani lakini halikufikii wewe, na kwako hilo ni sawa na kutokuwepo. Lakini tatizo kubwa la namna hiyo huwa limebeba ndani yake matatizo madogo madogo ambayo yanatatulika, na mara nyingi kinachoua ni hayo madogo. Anayekimbizana na suluhisho la lile kubwa, huku madogo ameyaacha nyumbani, anapoteza yote. Anayekaa chini akikunja mikono kwa sababu lile kubwa halina dawa, naye anapoteza vilevile.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe: selimundu, wengine husema sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi wa damu. Chembe nyekundu za mtu wa kawaida ni za mviringo na laini, zinajikunja na kupenya hata kwenye mishipa myembamba sana. Za mwenye selimundu zikipungukiwa oksijeni zinakuwa ngumu na kupinda kama mundu, zinanasa njiani, na ile sehemu iliyokosa damu inaanza kuuma kwa maumivu ambayo sijui niyafananishe na nini. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa ana upungufu wa damu muda wote na macho yake huwa ya njano. Kwa makadirio yaliyotumika miaka mingi, hapa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huu, na nchi zinazotutangulia ni Nigeria, Kongo na India. Huku kwetu Kanda ya Ziwa tunao wengi, na ukanda wa Pwani pia, kwa sababu ndiko malaria ilikokaa vizazi na vizazi. Mtu aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huu kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani mwenye AS, haugui selimundu na analindwa dhidi ya malaria kali. Aliyeonyesha hivyo mwaka 1954, kwa utafiti alioufanya hapa hapa Afrika Mashariki, ni daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Kwa hiyo kilichowaokoa babu zetu wasimalizwe na malaria ndicho kinachomtesa binti yangu.

Humu nimeona mtu ameandika kwamba ukishajua chanzo cha tatizo umeshapata nusu ya suluhisho. Naomba atazame historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu mwingine. Mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha tofauti yenyewe: kwenye mnyororo mrefu wa protini, asidi amino moja tu, ya nafasi ya 6, imebadilishwa na nyingine. Chanzo kilijulikana hadi kwenye kiungo kimoja cha mnyororo. Hakuna ugonjwa wa kurithi uliokuwa umefahamika kwa undani huo wakati ule. Sasa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya selimundu, haidroksiyurea, ilipata kibali mwaka 1998, na hata hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya selimundu, ilikuwa dawa ya saratani. Kutoka kukijua chanzo hadi kidonge cha kwanza ni miaka zaidi ya 40. Wazazi waliozika watoto katika miaka hiyo yote, mtawaambia hawakutafuta vya kutosha?

Binti yetu alianza kwa kuvimba viganja na nyayo akiwa bado anatambaa. Ukimgusa analia. Jirani mmoja akasema kaumwa na mdudu, mwingine akasema ni jicho la watu. Zahanati walitupa dawa ya homa tukarudi nyumbani. Ni muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliyevitazama vile vidole akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Kwenu kuna watoto waliofariki wadogo kwa kuishiwa damu?" Mama yake akanitazama. Kwao walikuwepo. Kwetu pia. Damu ikapelekwa hospitali ya rufaa, jibu likarudi SS, yaani amekirithi kinasaba kutoka kwetu sote wawili. Sisi wazazi tukapimwa, tukakutwa wote wawili ni AS, wazima kabisa, hatujawahi kulazwa.

Kuanzia siku hiyo kila tuliyekutana naye alikuwa na suluhisho. Juisi ya rozela, majani ya mpera, maziwa ya punda, mafuta ya upako, maji ya chemchemi fulani. Baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo. Alikuwa na nia njema kabisa na sitaki mtu amcheke. Alikuwa amepata habari za mganga anayetibu sikoseli ikaisha, na alipendekeza tuuze kipande cha shamba, kila mmoja aongeze alichonacho, mtoto apelekwe. Nikamwambia, "Baba, mimi sikatai. Naomba jambo moja tu. Mganga akubali mtoto apimwe damu kabla hajaanza dawa, na apimwe tena akimaliza. Hiyo SS ikibadilika, shamba lote apewe." Akaona ni haki. Ujumbe ukapelekwa, na majibu yaliyorudi ni kwamba dawa zake hazichanganywi na vipimo vya hospitali. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyefunga kikao, na mpaka leo ndiye anayenisaidia kuwaelimisha wengine kwenye ukoo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa. Selimundu ni ugonjwa unaombeba tapeli bila yeye kufanya lolote. Maumivu yanakuja, yanakaa siku kadhaa, yanaondoka yenyewe. Mtoto anaweza kumaliza miezi mingi akicheza na wenzake. Sasa chochote ulichompa wiki ile maumivu yalipoondoka ndicho kinachopata sifa. Ukimpa majani, majani yamemponya. Ukiombewa, umeponywa. Halafu maumivu yakirudi unaambiwa ulikosea masharti, au imani yako ni ndogo. Yaani tatizo limekuwa lako. Ndiyo maana mimi sisikilizi ushuhuda wa "alipona" kama hauna kipimo cha damu cha kabla na baada. Mimi ni muumini, naomba kila siku, na sioni kama kupima kunamvunjia Mungu heshima.

Kliniki tulikuwa tukikutana na mama mmoja mwenye mtoto wa kiume, umri karibu na wa binti yetu. Wanawake wale wawili, yeye na mke wangu, walikuwa wamezoeana, wanatunziana nafasi kwenye foleni. Huyu mama alikuwa mtafutaji hasa. Hakuna mahali alipoambiwa kuna suluhisho asiende. Mwishowe aliambiwa na aliyekuwa akimwombea kwamba vidonge vya penisilini anavyompa mtoto ni dalili ya mashaka, aviache. Akaviacha. Mtoto alipata homa, na kwa kuwa aliamini ameshaponywa alisubiri ipite. Homa kwa mtoto wa selimundu haisubiriwi. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Huyu mama simlaumu hata chembe, na sijawahi kuona mtu aliyempenda mtoto kuliko yeye. Namlaumu aliyempandikizia wazo kwamba suluhisho kamili lipo, na kwamba akiridhika na vile vidonge ni kama amelikataa.

Maana vile vidonge vilikuwa suluhisho. Havikuwa suluhisho la selimundu. Vilikuwa suluhisho la nimonia na sumu ya bakteria kwenye damu, ambavyo ndivyo vinavyowaondoa watoto wa selimundu wakiwa wadogo kabisa, kwa sababu bandama lao, linalotakiwa kuchuja wadudu hao, linaharibika mapema. Mwaka 1986 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wadogo wenye ugonjwa huu: nusu walipewa penisilini asubuhi na jioni, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa penisilini maambukizi ya bakteria yule wa nimonia yalipungua kwa asilimia 84, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake ili wote wapewe. Dawa ya bei ndogo, ya siku nyingi, iko kila duka la dawa. Haigusi ugonjwa wenyewe. Mtoto anabaki SS vilevile, ila anakua.

Yule muuguzi niliyemtaja ndiye aliyetufundisha kuugawa ugonjwa. Hakutuambia mtoto atapona. Hakutuambia pia kwamba hatapona, na tulipombana alisema, "Hilo mwachieni Mungu na wataalamu. Nyinyi nawapa kazi zenu." Kazi zenyewe zilikuwa hizi: penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano. Vidonge vya foliki, vya kusaidia kutengeneza damu, kila siku. Chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria kama daktari alivyoandika, kwa sababu ulinzi ule wa AS mwenye SS hana, na malaria inamuua haraka kuliko mtoto mwingine. Chanjo zote, pamoja na ile ya nimonia iliyoingia kwenye ratiba ya taifa mwaka 2013. Maji, maji, maji. Asilowe mvua akakaa na nguo mbichi. Joto likifika nyuzi 38, hospitali, hata kama ni usiku wa manane, hata kama anacheka.

Na bandama. Siku moja alimlaza binti yetu kitandani akanishika mkono. "Baba, leta vidole vyako hapa, kushoto, chini ya mbavu. Bonyeza taratibu. Unasikia ukingo wake? Kila asubuhi mguse. Siku ukikuta limeshuka chini ya hapo na mtoto amepauka, usiniulize kwa simu, njoo." Lugha yake ilikuwa hiyo hiyo, bila maneno ya kitabu. Baadaye nilikuja kuelewa alichokuwa akituandalia: wakati mwingine damu ya mtoto wa selimundu inakimbilia kwenye bandama na kukwama humo, bandama linavimba kwa saa chache, na mtoto anaweza kufa akiwa na damu yake yote ndani ya mwili wake.

Ikatokea. Alikuwa bado hajafika miaka mitatu. Tangu jioni hana raha, hataki kula, hana homa ya kutisha. Zamani tungesema amechoka, alale. Mama yake akampapasa tumbo, akaniita chumbani, "Baba, njoo uguse hapa." Bandama lilikuwa limefika karibu na kitovu. Tukamtazama ndani ya kope kwa tochi, kweupe. Bodaboda wa mtaani alitoka na fulana aliyolalia, akatufikisha. HB, yaani kiwango cha damu, ilikuwa 3, chini mno. Daktari wa zamu alituuliza nani ametuambia tuje usiku ule, nikamwambia tulimgusa bandama. Aliitisha damu kabla hata hajamaliza kuandika.

Hapo, wakuu, selimundu haikutatuliwa. Lakini tatizo la usiku ule lilitatuliwa, na lilitatuliwa na vidole vya mama asiye na elimu yoyote ya udaktari. Ningekuwa naamini kila tatizo lina suluhisho lake moja la kutafutwa huko nje, inawezekana usiku ule ningekuwa safarini kulitafuta.

Kwa miaka mingi Afrika ilikadiriwa kwamba nusu ya watoto wa selimundu, na mahali pengine hadi asilimia 90, hawafikishi miaka mitano. Wengi hawakuwahi hata kupimwa. Walikufa wakiitwa watoto wa malaria, wa nimonia, wa kuishiwa damu. Na kweli ndivyo vilivyowaua, vitu vyenye dawa. Baadaye ikaja haidroksiyurea. Inafanya mwili urudie kutengeneza ile hemoglobini ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haipindi. Matokeo ya utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwa watoto waliotumia dawa hiyo malaria ilipungua kwa nusu, kuongezewa damu kukapungua kwa theluthi mbili, na vifo vikashuka hadi chini ya theluthi moja ya vilivyokuwa. Binti yangu anaitumia. Kuna miezi dawa haipatikani pale tunapochukulia, naizungukia madukani, na lazima apimwe damu mara kwa mara ili daktari aone haizishushi chembe kupita kiasi. Ni kazi. Lakini kulazwa kumepungua mno, na mtu aliyekuwa akikosa shule nusu ya muhula sasa anagombea nafasi za juu darasani.

Mtaniuliza, sasa si ndiyo hayo, suluhisho linakuja taratibu? Tulia kwanza nikueleze lililopo mwisho wa barabara hiyo.

Suluhisho kamili lipo, tena yapo mawili. La kwanza ni kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa mtu mwingine. Hata hapa nchini limeanza kufanyika kwa watoto wa selimundu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Anayefaa zaidi kutoa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambaye vinasaba vya uloto wake vinaoana na vya mgonjwa. Uwezekano wa vinasaba vya ndugu mmoja kulingana na vya mgonjwa ni robo. Na asiwe SS mwenyewe, ambapo kwa wazazi wa AS uwezekano ni robo tatu. Vinasaba hivyo viko kromosomu tofauti, ya 6 na ya 11, kwa hiyo unazidisha tu: robo mara robo tatu, 3 juu ya 16. Haifiki asilimia 19 kwa kila ndugu. Binti yangu ana wadogo wawili. Hakuna ambaye uloto wake unalingana na wake. Nilipofanya hesabu ile kabla ya vipimo nilijua nafasi ni ndogo, na majibu yalipokuja bado mama yake alilia na mimi nikatoka nje.

La pili ni tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo. Ni kazi kubwa ya akili za watu na niliisoma habari ile nikatetemeka kwa furaha. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Mshahara wa mwalimu kama mimi haufiki hapo hata kwa karne nne. Je, tatizo langu lina suluhisho? Duniani, ndiyo. Nyumbani kwangu, hapana. Naomba wanaosema "suluhisho lipo" wawe wanamalizia sentensi: lipo wapi, kwa nani, na lini. Umaskini, umbali na kuzaliwa mapema mno haviondoki kwa kutafuta kwa bidii. Tunaweza kudai, na lazima tudai, serikali na watengenezaji wakae mezani bei ishuke, dawa iingie kwenye bima. Nadai. Ila sitamwambia mtoto wangu asubiri hilo ndipo aishi.

Kuna suluhisho la tatu ambalo watu hulitaja haraka sana: kupima kabla ya kuoana. Naliunga mkono kwa nguvu zote. Lakini sikilizeni kilichotokea. Tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, wageni walifika shuleni kwao wakatoa elimu nzuri tu: selimundu inazuilika, pimeni, wenye AS wasioane. Binti akarudi nyumbani kimya. Usiku akaniuliza, "Baba, kwa hiyo mimi ni kitu kilichotakiwa kuzuiwa?"

Nilimjibu kwa ukweli nilioujua. Nikamwambia tungejua, labda mimi na mama yake tusingeoana, na yeye asingekuwepo, na mimi siwezi hata kidogo kuitamani dunia ambayo yeye hayumo. Akafikiri, akasema, "Sawa baba, lakini hilo si jibu." Kweli halikuwa jibu. Kinachofaa kwa watoto watakaozaliwa kinamuuma aliyekwisha kuzaliwa, na mimi sijapata namna ya kuviweka viwili hivyo pamoja bila kimoja kuumia. Nimewauliza watu wenye hekima kunizidi. Mmoja alinipa maneno ya dini, nikamshukuru. Mwingine alinyamaza, na yeye ndiye nilimwona ameelewa swali. Mwaka uliofuata wageni walipofika, binti alinyoosha mkono akawaomba waongeze kwamba walio na ugonjwa tayari wapo darasani, wanasikia, na dawa zao zipo. Waliongeza. Swali lake liko palepale.

Na yapo maumivu yenyewe. Hata na haidroksiyurea, bado kuna usiku anabanwa. Tunampa dawa za maumivu alizoandikiwa, maji ya uvuguvugu, blanketi, tukiona vinazidi tunakwenda hospitali akapewe dripu na dawa kali. Katikati ya hapo kuna saa ambazo hakuna kingine cha kufanya. Mtoto anaumia na wewe mzazi upo. Nimeona wanaume wenzangu wanaikimbia saa hiyo. Wanatoka kwenda kupiga simu, kutafuta usafiri ambao hauhitajiki, kugombana na wauguzi, kwa sababu mwanaume amefundishwa kwamba akiwepo mahali lazima atatue. Mke anabaki peke yake. Kama kuna kitu imani ya "kila tatizo lina suluhisho" imetuharibia sisi akina baba, ni hicho. Binti yangu alishanieleza anachotaka saa ile: nimshike mguu pale juu ya kifundo, nisiseme kitu, nisimuulize kama amepata nafuu.

Sasa nimrudie aliyesema kukubali ni kukata tamaa. Mimi hufundisha milinganyo inayotatuliwa miwili kwa pamoja. Mwanafunzi akikutana na x + y = 4 na x + y = 7, akaifanyia kazi mpaka mwisho, akaandika "hakuna jibu" na kuonyesha kwa nini, nampa alama zote. Aliyeacha karatasi nyeupe anapata sifuri, ingawa ukiwatazama wote wawili hawana namba ya x. Aliyekata tamaa ni wa pili. Wa kwanza amefanya kazi yote, na sasa muda wake anaupeleka kwenye swali linalofuata. Sisi tulipokubali kwamba selimundu ya binti yetu haiondoki kwa uwezo tulio nao leo, ndipo fedha za kuzunguka zikageuka kuwa bima, nauli za kliniki na ada. Ndipo na yeye akaanza kuulizwa anataka kuwa nani, badala ya kuulizwa amepona lini. Anataka famasia. Na bado kila habari mpya ya tiba ninaisoma, na anayefanya utafiti namwombea.

Mwisho, kuna ndugu ameuliza hapo juu kwamba yeye na mchumba wake wote ni AS, harusi iko karibu, na baba yake mzazi amemwambia mtoto ni mmoja kati ya wanne tu kwa hiyo wasiogope. Sitakuambia uoe au uache, hilo ni lenu wawili na wala lisiwe la kikao. Ila hesabu uipate sawasawa. Ile robo si ya kugawana, kwamba mkipata mmoja mgonjwa watatu wanaobaki ni salama. Kila mimba inaanza upya na robo yake. Kwa watoto wanne, uwezekano wa wote kukosa SS ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, 81 juu ya 256, kama asilimia 32. Maana yake uwezekano wa kupata angalau mmoja mgonjwa ni karibu asilimia 68. Kwa wawili ni karibu asilimia 44. Na kabla ya yote hayo hakikisheni kipimo mlichofanya ni kile kinachotenganisha aina za hemoglobini, kwa sababu kile cha haraka cha kuangalia kama damu inapinda hakitofautishi AS na SS, na kinaweza kumpita mwenye aina nyingine ya kinasaba ambayo ikikutana na S nayo huleta ugonjwa. Mkiamua kuoana, mtoto apimwe wiki za mwanzo kabisa, msingoje vidole vivimbe, na penisilini ianze akifika miezi miwili au mitatu. Ukiwa na swali la kliniki niandikie faragha, nitakuelekeza pa kuanzia.